Raba Nilizoziosha kwa Petroli

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, siku niliyojifungia chumbani na pampu ya breki ya nyuma ya pikipiki yangu. Mlango nikautia komeo, dirisha nikalitundikia kanga. Usicheke. Niliogopa mtu asinione ninavyoifungua, asije akajua pa kuichezea. Ndivyo nilivyokuwa ujanani. Hata chumvi niliiwekea alama ndani ya kopo nijue nani kachota.

Nilikuwa afisa mifugo, watu wakiniita Daktari. Serikali ilinipa pikipiki ndefu, ile ya kupanda milima, nikazunguka nayo vijiji vya Genkuru na Nyakunguru kuchanja ng'ombe. Nyuma ilikuwa na breki ya diski. Ukikanyaga pedeli, kuna pampu ndogo karibu na mguu wa kulia inayosukuma mafuta mpaka breki ishike. Ndani ya pampu mna pistoni nyembamba kama kidole cha mtoto, na raba mbili za mviringo zinazozuia mafuta yasivuje. Raba zikichakaa, pedeli inazama na pikipiki haisimami.

Pedeli yangu ikaanza kuzama. Na nani alikuwa ameigusa pikipiki? Masanja! Huyu alikuwa Msukuma aliyekuja kutafuta dhahabu, akaikosa, akafungua kijiwe cha kutengeneza pikipiki pale njiani, na mkewe na watoto watatu. Wiki moja kabla, alinibadilishia pedi za breki. Nikajisemea, aha, nimekukamata. Pampu umeilegeza makusudi ili nirudi kwako. Sikumuuliza neno. Nilikuwa nampita na kumsalimia kwa tabasamu, na moyoni nimeshamfunga jela.

Nikaenda Sirari mpakani, nikavuka nchi ya pili kununua raba mpya. Muuzaji alinipa pakiti, nikaichana palepale mbele yake. Raba zilikuwa zinateleza.

"Hizi kuukuu," nikamwambia. "Mmezipaka mafuta zing'ae."

Akacheka. "Ai, madam! Hiyo ni grisi ya kiwanda. Wacha wasiwasi, weka tu vile iko."

Niache wasiwasi, mimi? Nilizichukua raba zake na wasiwasi wangu, nikarudi navyo vyote nyumbani.

Basi huko chumbani nikabana klipu kwa koleo, ikachomoka, pistoni na springi yake vikaruka mpaka uvunguni. Nikavitafuta nimelala kifudifudi. Nikamimina petroli kwenye bakuli, nikaosha tundu la pampu, pistoni na springi. Mpaka hapo sijaharibu. Kisha nikazichukua zile raba mpya nikazitumbukiza humohumo, niondoe uongo wa yule muuzaji. Zikalowa tangu asubuhi mpaka nimeshapika na kula. Zilikataa kuingia, nikazisukuma kwa nguvu. Nikajaza mafuta ya breki, nikatoa hewa, pedeli ikawa ngumu sawasawa. Nilijisifu weee!

Siku ya tatu nikawa nateremka Nyakunguru na boksi la chanjo mgongoni. Breki ikashika yenyewe. Sijaikanyaga, mwanangu! Gurudumu la nyuma likakaza, pikipiki ikaniangusha, nikavunjika mfupa wa bega. Diski ilikuwa ya moto kabisa, chupa za chanjo zimepasuka zote. Na unajua neno la kwanza lililonitoka pale chini? Hata Mungu sikumtaja. Nilisema, "Masanja!"

Maana siku iliyotangulia niliegesha karibu na kijiwe chake. Wanawake waliokuja kunipa pole nikawaambia Masanja kachezea breki aniue. Wanaume wa pale joshoni, tunapoogeshea ng'ombe, nikawaambia hivyohivyo. Halafu nikamtaka baba mkwe wangu, mzee Chacha, apeleke jina lake ritongo, kile kikao cha wazee wetu wa Kikurya, ambacho kikikukataa huna kijiji tena. Mgeni asiye na ukoo hapa, nani angemsimamia?

Mzee Chacha alikuwa mtu wa ng'ombe; pikipiki hakujua hata inawashwaje. Na kwa mila zetu mkwe na mke wa mwanawe hawazoeani. Lakini siku hiyo alinitazama usoni.

"Kabla sijapeleka jina la mtu," akasema, "nataka nikione hicho kitu."

Akamwita Masanja uani, pampu ikafunguliwa mbele yetu sote. Raba zilitoka zimevimba. Masanja akazishika.

"Daktari, hizi uliziosha na nini?"

"Petroli. Kwani kabureta tunaoshea nini?"

"Kabureta ni chuma, Daktari. Raba hizi hazitaki petroli hata tone. Zikivimba, pistoni inakwama, hairudi, na breki inashika yenyewe. Zinaoshwa kwa mafuta ya breki yenyewe."

"Anajitetea huyo," nikamwambia mzee.

Mzee hakubishana. Zile raba mbili za zamani nilikuwa nimezifungia ndani ya sanduku, eti ushahidi. Akaniagiza nizilete. Moja akaitia kwenye kikombe cha petroli, nyingine akaiweka kwenye kigoda, naye akakaa hapohapo, mtu asiondoke. Ugali ukaletwa, tukala palepale. Alasiri akaitoa ile ya kikombe, akaniwekea zote mbili kiganjani. Moja imenenepa, nyingine iko vilevile. Niliona aibu, mwanangu, nikatamani ardhi inimeze.

"Aliyeifungua pampu hii ni nani?" mzee akauliza.

"Mimi, tata," nikasema, yaani baba.

"Aliyeifunga?"

"Mimi."

"Na katikati ulimwona nani?"

"Nilikuwa peke yangu."

Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikikanusha niliyoyasema. Wengine walinisikia. Wengine walisema nimetishwa tu na mzee. Wateja hawakurudi kijiweni, na kabla bega langu halijaunga, Masanja akaanza kufunga vyombo. Nikaenda kumwomba radhi.

"Nimekusamehe, Daktari," akasema, bila kuacha kufunga kamba. "Lakini mwanangu wa darasa la pili wenzake wanamuuliza baba yake anauaje watu. Mimi nimjibu nini?"

Waliondoka na lori la mchana.

Mwanangu, sikwambii umwamini kila mtu. Mimi mwenyewe hata sasa, wageni wakiaga, nahesabu vijiko. Lakini kitu chako kikiharibika, anza na mkono wako: nilikigusa lini, nilikifanyaje, nilimuuliza nani anayejua? Ukimshuku mtu, mwendee yeye kwanza, umwambie usoni, umpe nafasi ya kukujibu. Usilipeleke jina lake joshoni kabla ya kulipeleka mlangoni kwake. Raba nyingine niliziagiza Sirari zikaja wiki hiyohiyo, bega lilipopona nikaziweka vizuri, pikipiki ikatembea miaka. Masanja nimemtafuta mpaka nimezeeka, sijampata.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akushike kwenye kila mteremko, akujalie majirani wa kweli, na asikubali uwapoteze kwa mdomo wako.