Spika na Namba ya Malalamiko

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, lakini hakuna aliyelikumbuka isipokuwa mkewe, naye alilitumia pale alipokasirika. Watu wote wa kambi ile, waliohamishwa na mafuriko wakaahidiwa nyumba "hivi karibuni", walimwita Spika. Kazi yake ilikuwa kuzunguka baina ya mahema na kipaza sauti cha shirika la misaada, akitangaza siku ya unga na siku ya sabuni. Kila tangazo alilifunga kwa maneno aliyofundishwa kwenye semina: msaada ni bure, usitoe chochote, na ukiombwa chochote piga namba hii, ni siri yako. Namba yenyewe hakuisema, aliiimba. Watoto waliijua kuliko jedwali la kuzidisha, na wako akina mama walioitumia kubembelezea vichanga.

Tuseme kweli, kile kipaza sauti kilikuwa mzigo wa bure. Spika akinong'ona, mbwa wa jirani huinua masikio. Mkewe, kwa upande wake, alikuwa mtu wa maneno machache, hata watu wakasema sauti ya nyumba ile iligawanywa na mtu asiyejua kupima.

Alijivunia jambo moja kuliko yote. Tangu aanze kuitangaza ile namba, hakuna lalamiko hata moja lililofika ofisini. Aliyemhakikishia hivyo ni msimamizi wa ghala, mtu mnene mwenye mashati ya kupigwa pasi, ambaye watu walimwita Bwana Utaratibu kwa sababu lolote ulilomwuliza alijibu kwamba utaratibu ni utaratibu. Hata salamu nadhani aliijibu hivyo. Kila mara alimpiga Spika begani na kumwambia watu wake wameridhika, na Spika, masikini, aliamini. Mtu akishavishwa fulana yenye nembo huwa mwepesi sana kuamini kwamba dunia imetengemaa.

Basi siku moja alasiri akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, mjane aliyeishi hema la pili na wanawe wadogo. Alikuwa amelia hadi macho yamevimba. Kwenye mgao wa asubuhi Bwana Utaratibu alimnyang'anya kadi, akidai ina kasoro. Akamwambia aifuate Ijumaa jioni nyumbani kwake, aje peke yake, na aje ameoga. Bila kadi hakuna unga, na bila unga wale watoto wangekula nini?

"Shemeji," alisema yule mjane, "wewe si ndiye mwenye ile namba?"

Spika akavimba kifua. Kwa mara ya kwanza namba yake ilikuwa imepata kazi. Akamwambia apige mara moja, lakini mjane akasema anaogopa kujulikana. Mkewe Spika, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, hakuinua uso.

"Piga wewe," alisema. "Namba ni yako."

Spika akaenda nyuma ya mahema. Akafunga kanga ya mkewe mdomoni, maana kwenye semina waliambiwa mlalamikaji ana haki ya kujificha. Akapiga, akanong'ona kwa ufundi wake wote, na fundi baiskeli wa ng'ambo ya pili akaacha kugonga ili asikilize vizuri.

"Halo. Mimi ni mtu nisiyetaka kujulikana."

Upande wa pili ukajibu:

"Spika, unataka nini?"

Ilikuwa sauti ya Bwana Utaratibu. Spika akaivua kanga mdomoni.

"Najaribu laini, bosi."

"Laini ni nzima. Usiijaribu tena."

Ilikuja kujulikana baadaye kwamba ofisa aliyehusika na malalamiko alihamishwa zamani, naye alipoondoka alimwachia msimamizi wa ghala ile simu, aishike kwa muda. Na neno "kwa muda" likishaingia ofisini, halitoki hata kwa mtutu. Kesi ya nyani ikapelekwa kwa ngedere, na aliyewaonyesha watu njia ya kwa ngedere, kwa wimbo mtamu kabisa, ni Spika mwenyewe.

Alirudi akawasimulia wale wanawake wawili, yaani aliisimulia kambi nzima. Shemeji akaangua kilio upya. Mkewe aliendelea na maharage yake kana kwamba hajasikia, jambo ambalo kwa sauti ya mumewe lilikuwa muhali. Spika akakasirika kimoyomoyo. Aliona anabebeshwa zigo peke yake, wakati mshahara wake ndio ulionunua hata hayo maharage, na Bwana Utaratibu angeweza kuukata kwa neno moja. Siku zilizofuata alitangaza habari za sabuni tu. Alipofika kwenye ile namba, kikohozi kilimshika.

Ijumaa asubuhi akaja mkaguzi kutoka makao makuu, mwanamke mwembamba mwenye miwani na sauti ndogo mno. Watu walikuwa wamekusanyika uwanjani kwa ajili ya mgao, na wa nyuma hawakumsikia hata chembe. Bwana Utaratibu, kwa kujipendekeza, akaagiza Spika asimame kando ya mgeni na kurudia kila anachosema kwenye kipaza sauti. Kosa gani hilo! Lakini mtu aliyezoea kutiiwa hudhani vyombo vyake vyote havina moyo.

Mkaguzi akasema amefurahi kuwaona, na Spika akarudia. Akasema shirika linawajali, na Spika akarudia. Akasema ameambiwa kuna namba ya malalamiko na kwamba hajaona lalamiko lolote, jambo la kutia moyo. Hapo Spika akamwona shemeji yake mbele ya umati, ameshika mkono wa mtoto mmoja, na kando yake mkewe. Jioni ilikuwa haiko mbali. Akainua kipaza sauti.

"Mama mkaguzi anasema," alinguruma, "kila mwenye simu aipige ile namba sasa hivi, tuone kama inafanya kazi."

Mkaguzi akageuka kumtazama, lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na kwa sauti ile hayakuwa na njia ya kurudi. Hakuna aliyehitaji kutajiwa namba. Simu zikatolewa vifuani, mikobani na kwenye mafundo ya kanga, na mfuko wa suruali ya Bwana Utaratibu ukaanza kulia.

Akaukandamiza. Ukanyamaza, ukalia tena. Akasema ni mke wake. Ukalia mara nyingine, na bibi mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa upole mkewe leo ana shida gani, mbona hapumziki. Watu wakacheka. Ulipolia tena, bibi yule akatikisa kichwa akasema kikulacho ki nguoni mwako, na uwanja mzima ukaripuka.

Mkaguzi hakucheka. Alinyoosha mkono, akangoja, mpaka simu ikatiwa mkononi mwake. Ilikuwa bado inalia. Akaipokea. Aliyekuwa upande wa pili alisimama hatua chache mbele yake, na simu ya dada yake sikioni.

"Naomba kadi yangu," alisema yule mjane. "Nimeambiwa niifuate leo jioni nyumbani kwake, nikiwa nimeoga."

Kicheko kikakatika. Bwana Utaratibu akaanza kueleza habari za utaratibu, lakini hakuna aliyemsikiliza, na dereva wa mgeni alimpokonya funguo za ghala bila hata kuagizwa. Mjane akarudishiwa kadi yake palepale. Kisha mkaguzi akasema atakaa kwenye chumba cha uandikishaji kando ya ghala, mlango umefungwa, na mwenye neno aingie peke yake. Akaongeza kwamba mtangazaji akae mbali. Mbali kabisa.

Spika hakuona ubaya. Watu walimpa mikono, fundi baiskeli akamwita shujaa, naye akapokea sifa zote bila kurudisha chenji. Ndipo alipotupa macho kwenye foleni ya chumba kile. Ilikuwa imeshazunguka ghala, wanawake peke yao, kimya. Kumbe ndio walioridhika hao! Na kati yao, nyuma ya mama mmoja muuza mkaa, alisimama mkewe.

Akamwendea, akamwambia mdogo wake amekwisha kuingia na kutoka, anamngoja nani tena.

"Nangoja zamu yangu," alisema mkewe.

Spika akauliza zamu ya nini.

"Mwaka jana, wakati wa baridi, aliniambia blanketi yangu nikaichukue nyumbani kwake. Sikwenda. Nikapiga namba yako, akapokea yeye. Akasema nikifungua mdomo, wewe utarudisha fulana."

Spika aliikumbuka baridi ile. Aliwatangazia watu kwamba blanketi zimekwisha, kisha akarudi nyumbani na kumlaumu mkewe kwa kuchelewa foleni, na mkewe akaomba radhi. Aibu ikampanda kutoka miguuni.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Ningekuambiaje wewe? Kambi nzima ingesikia."

Muuza mkaa akacheka, na wa nyuma yake wakacheka, hata mkewe akatabasamu kidogo. Spika hakuweza. Alitaka kumwomba msamaha palepale, lakini watu wote walikuwa wakisikia, na hakujua namna nyingine ya kusema. Foleni ikasogea, naye mkewe akasogea nayo.