Jiwe Chini ya Kinu

Mwezi uliopita nilimwambia dereva wa pikipiki anipeleke Musonoi, pembeni ya mji wa Kolwezi, kwenye nyumba niliyokulia. Akanizungusha mara mbili, kisha akasimama na kuniuliza nyumba yenyewe iko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akalitazama shimo, akanitazama mimi, na kwa adabu akasema pengine nimekosea njia. Sikukosea, rafiki yangu. Pale ambapo sasa ni hewa tupu juu ya shimo, ndipo kambo yangu alipokuwa akitwanga.

Kambo ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu. Wangu alimzaa baba, na alikuwa mtu wa Kasai, aliyefika Kolwezi akimfuata mumewe enzi mgodi ulipokuwa unatafuta wafanyakazi. Kinu chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya mtaa, kimechongwa kwenye gogo ambalo watu wawili hawakuweza kulinyanyua, na kwa sababu hiyo wanawake wenye vinu vidogo walikuja kutwanga kwetu. Walikuja asubuhi na mapema, beseni za mihogo mikavu kichwani. Michi mitatu ilipanda na kushuka ndani ya kinu kimoja bila kugongana, na ole wake aliyepoteza mdundo, maana angechekwa mpaka Jumapili. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku na kufagia. Mama jirani, Mkatoliki wa kaskazini ya Katanga, hakuchoka kumtania kambo kwamba Wakasai wanachanganya unga wa mihogo na wa mahindi kwa sababu hawajui kuamua. Kambo alimwambia anawe mikono kwanza, atukane akishashiba.

Mchana bukari, yaani ugali wetu, iliwekwa kwenye sahani moja pana, pembeni lengalenga, mchicha wa kwetu, iliyopikwa na ndakala, vile visamaki vikavu vyenye chumvi kali, na kila aliyetwanga aliketi. Mshahara wa baba, aliyekuwa karani mgodini, ulichelewa mara nyingi, na mboga ilikuwa kidogo. Wakubwa walikula polepole ili sisi watoto tupate. Kambo alizoea kusema kwamba chakula cha peke yako hakina chumvi. Mimi niliona hayo ni maneno ya kujifariji ya maskini. Nilikuwa na miaka tisa, na nilichotamani duniani ni viatu vyekundu kama vya binti wa mwalimu wetu.

Wakati huo habari ilikuwa imeenea kwamba mtu wa mtaa wa pili alichimba choo akakuta madini. Haikupita muda, watu wakaanza kuchimba ndani ya sebule zao, na mgeni akija wanatandika mkeka juu ya mbao zilizofunika shimo. Baba aliwacheka. Alisema mtu anayebomoa nyumba ili atajirike, utajiri atauweka wapi.

Sasa, kinu kikubwa huzama. Kila masika chetu kiliegemea upande, na ilibidi pale chini pasawazishwe. Siku moja wanawake walikiviringisha kando, nikapewa jembe. Likagonga jiwe jeusi, dogo, lakini zito kuliko ukubwa wake. Kambo alikuwa mjane wa mchimbaji, hakuhitaji kuambiwa ni nini. Alisubiri wenzake waondoke, akanishika mkono.

"Mama," akaniambia, maana nilipewa jina la mama yake, "rudisha ile libwe mu udongo. Usionyeshe tata yako. Batu bakiiona, hii lupango itaisha."

Lupango ni kiwanja, ua na nyumba yake. Nililifukia mbele ya macho yake. Jioni, alipokwenda kwenye maombi, nikalifukua, nikampelekea baba. Nilifikiria viatu tu. Baba aliligeuza mkononi muda mrefu, na yale maneno aliyowacheka nayo wengine sikuyasikia tena.

Baba na vibarua walianza na sebule, wakamalizia na ua. Majirani walipoona mifuko inatoka kwetu, nao wakachimba kwao, hata mama jirani. Kuta zilipoanza kupasuka sisi tulikwisha kuhamia mjini, kwenye nyumba ya vigae, ukuta mrefu, lango la chuma na mlinzi. Viatu nilipata, jozi tatu. Kinu kililetwa kwa lori, kambo akakisimamisha nyuma ya nyumba, juu ya saruji. Unga sasa ulikuja kwa gunia, umeshasagwa, lakini alitwanga hivyo hivyo, mchi mmoja. Mama jirani alikuja kumtazama mara moja. Mlinzi akamuuliza anamtafuta nani na kwa shida gani, naye hakurudi tena.

Kambo akaanza kuacha chakula. Matonge mawili, ananawa. Kila Jumapili alimwomba baba amrudishe Musonoi, na baba alimwambia avumilie, akamletea kochi, akamletea feni, akamletea televisheni ya chumbani. Kila kitu alikishukuru kwa mikono miwili. Kisha akarudia ombi lake.

Mwishowe baba alikubali, nami nilikuwemo garini. Tulikuta shimo letu limeungana na mashimo ya majirani, hakuna ua hata mmoja. Kambo alishuka, akasimama ukingoni.

"Tata," akamwambia mwanawe, akimwita baba kwa heshima kama ilivyo desturi yetu, "batu beko wapi?"

"Kila mutu alipata yake, mama. Balienda."

Wengine walikuwa wamekwenda Mutoshi kuchimba zaidi, wengine Lubudi kulima. Kambo hakulia. Aligeuka akanitazama mimi, si baba, nikajua kwamba anajua. Hakuwahi kuniambia neno juu ya jambo lile, na ni afadhali angenichapa. Mvua za mwaka uliofuata hazikumkuta.

Nimeona vyumba vingi vizuri tangu wakati ule, na ninavyo vyangu. Sijaona tena wanawake watano wakicheka mpaka wanaegemea michi, kwa kitu ambacho hakikumgharimu mtu.

Kutoka shimoni siku ile ya pikipiki nilikwenda moja kwa moja kwa baba. Amezeeka. Kila jioni anatoa viti viwili nje ya lango, anakaa kwenye kimoja na kuwasalimu wapitao. Nikakaa kwenye cha pili, nikamweleza nilichomficha miaka yote, kwamba kambo alinikataza kumwonyesha lile jiwe.

"Ungemusikia," akasema baba.

Mama mmoja alikuwa anapita na beseni kichwani. Baba akamsalimu, akamwomba apumzike kidogo, akainuka kumpisha kiti chake. Yule mama alimshukuru, akasema ana haraka.