Siku Nilipofuta TFC ya Mama Watoto

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Beni, na ugonjwa wangu ni mmoja: sijui kusema "sijui". Mke wangu aliponitumia kompyuta yake kutoka Butembo, na malalamiko kwamba inachukua nusu saa kuwaka, nilimjibu kwamba nitaitengeneza mwenyewe. Fundi wa nini? Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba kuna Linux, programu ya kuendesha kompyuta badala ya Windows, inatolewa bure, na inafufua mashine za zamani. Ya kwetu ilikuwa ya zamani kweli. Ilifika kutoka Kampala ikiwa tayari imechoka.

Mke wangu alikuwa anamaliza masomo ya kilimo huko Butembo, baada ya watoto wanne na miaka mingi ya kusema "mwaka ujao". Alikuwa amekodi chumba huko huko, mtaa wa Vulamba. Ilibaki TFC tu, ile kazi ya mwisho ambayo usipoiweka mezani hupati diploma, na siku ya mwisho ya kuiweka ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyofuata.

"Papa ya batoto," aliniambia kwenye simu, "kazi yangu yote nilisha kuiweka ku clé. Mashini uifanye vile unapenda. Mais unirudishie mbele ya samedi, niko na conclusion ya kuandika."

Nikamwambia alale usingizi, itamfikia kabla ya Jumamosi.

Linux yenyewe hutiwa kwanza kwenye clé, kile kijiti cha kubebea faili. Nilikuta kimoja kwenye mfuko wa kompyuta, pembeni, chekundu, chenye kamba. Nikakipeleka aniandikie Linux humo mwenye cyber, mzee mmoja wa miwani minene.

"Mwalimu, humu hamuna kitu ya maana? Juu nikiandika, yote inafutika."

"Wewe andika tu," nikasema.

Taabu ikaanza. Simu ilisema nibonyeze F12 mashine inapowaka, ili ianze na clé. Nikabonyeza F12, hakuna. F2, hakuna. Nikabonyeza vitufe vyote vya juu kama mpiga kinanda anayetafuta noti waumini wakimwangalia, na kila mara Windows ikajikokota mpaka ikafunguka, nami nikaanza upya. Siku ya pili kitufe cha Esc, kile cha pembeni kabisa, ndicho kilichokubali. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amezaa.

Kisha swali: tufute diski yote? Kidole kikabaki hewani. Nikakumbuka maneno ya mke wangu, kazi yote iko kwenye clé. Nikabonyeza ndiyo.

Ilifika asilimia arobaini, ikazima. Chini yake palikuwa moto kama pasi. Nani asiyelijua jua la Beni saa nane mchana, chini ya mabati? Nikarudia, na kitambaa kibichi chini yake. Hamsini, ikazima. Nikarudia, binti yangu akiipepea kwa daftari. Sitini na mbili. Niliitukana kwa Kifaransa, nikaongeza Kilingala nilichookota kwa askari barabarani. Ndipo nikafikiri: Butembo ni baridi! Alhamisi nikaomba ruhusa shuleni, nikapanda pikipiki, mfuko mgongoni.

Mke wangu alinipokea amevaa sweta. Tukaweka kompyuta dirishani, upepo wa mlimani ukiingia, na ile mashine ikatulia. Themanini. Tisini. Mia. Ikaniambia nichomoe clé na nibonyeze Entrée. Ikawaka kabla sijahesabu hamsini. Nilicheza katikati ya chumba nikizungusha clé kwa kamba yake, mke wangu akacheza, na wamama wawili wa uani wakaingia kucheza bila kuuliza sababu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipojiona mwanamume kiasi kile.

Wamama walipotoka, akanyoosha mkono.

"Sasa lete clé yangu."

"Clé gani?"

"Ile ya rouge, ya kamba. Niliiacha mu mfuko, ku pembeni." Alikuwa anautazama mkono wangu.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Aliichomeka mwenyewe, akatafuta, akatafuta tena. Kulikuwa na Linux tupu.

"Na mu mashini ulifuta?"

"Ndiyo."

"Donc ulifuta fasi zote mbili."

Aliketi kitandani. Nilingoja alie, ningependa alie. Badala yake alininyanyulia macho, na kicheko kikamshika, cha mabega na machozi. "Ile sura yako, Papa ya batoto! Batoto ba classe yako baione!" Kisha akainama, akatoa chini ya godoro karatasi zilizochapwa, zimejaa wino mwekundu wa profesa wake. "Miye nitasoma. Weye utaandika. Mupaka ma-virgule utaandika."

Niliandika Ijumaa kutwa na Jumamosi kutwa, na Jumapili baada ya misa. Nilikuwa nimeichagulia mashine Kifaransa, nayo vitufe vyake ni vya Kiingereza, kwa hiyo nikibonyeza A inatoka Q, na M inatoka mkato. Nilijifunza kuandika bila kuamini ninachokiona. Yeye alisoma akitembea, kuhusu wanawake wa Kalunguta, njiani kwenda Beni, na namna wanavyotunza mbegu za maharage. Kumbe alikuwa amewahoji mmoja mmoja. Miaka ishirini ya ndoa, na sikujua kwamba mke wangu anaandika vizuri hivyo. Naona haya kusema, lakini sikuwa nimewahi kuuliza.

Jumapili jioni tukafika kwa mhojiwa wa kumi na moja. Mama mzee. Mbegu anazitundika juu ya moshi wa jiko, zimefungwa kwa kipande cha shati la shule la mtoto wake wa kwanza. Vidole vyangu vikasimama. Shati lile nililivaa mimi.

"Huyu ni mama yangu."

"Mu TFC hamuna mama," akasema. "Andika: enquêtée numéro onze."

Akaendelea kusoma maneno ya mama, aliyoyasema kwa Kinande, yeye akayatia Kifaransa. Nimelima tangu nikiwa msichana. Nina mtoto aliyesoma, ni mwalimu. Huyu mkwe wangu ndiye wa kwanza kuniuliza ninajua nini.

Niliandika kila neno, na mikato. Mke wangu alisimama nyuma yangu, mkono begani.

Jumatatu saa nne TFC, pamoja na hitimisho alilolitunga usiku, iliwekwa mezani, ikapigwa muhuri, na mke wangu akapiga vigelegele pale pale ofisini mpaka katibu akacheka. Mchana nikapanda pikipiki kurudi Beni. Kalunguta nikamwambia dereva asimame.

Mama alikuwa nje anapeta maharage. Nikamwamkia, nikachuchumaa mbele ya ungo.

"Mama, weye unachaguaka mbegu namna gani?"

Aliacha kupeta, akanitazama.

"Na weye uko nafanya TFC?"

"Hapana, mama. Niko nauliza tu."

Akausogeza ungo katikati yetu, akachukua punje moja, akaanza.