Masufuria Mawili ya Baraza Moja

Siku tuliyopika masufuria mawili naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Usicheke. Harusini nililia tu chini ya ushungi, sikuona kitu. Siku ile niliona kila kitu.

Nimesikia na nyinyi mmekaa kuunda uongozi wa pamoja, Waislamu na Wakristo, na huu ni mwezi wa pili sasa mnagawana viti. Ndiyo maana nimekuita. Kaa mkekani, kiti niachie mimi, magoti yananiuma.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Kijiji chetu kilikuwa juu kidogo ya Kigombe, ukishapita mashamba ya mkonge. Upande wa chini tulikaa sisi Waislamu wa pwani, upande wa juu Wabondei, wengi wao Wakristo wa misheni. Tuliishi vizuri, sikufichi. Kukiwa na msiba, uwe wa chini au wa juu, Muislamu huchinja ili watu wote wale, na sufuria huwa moja. Hakuna aliyeliandika jambo hilo wala kulipigia kura. Sufuria lenyewe tulilisimamia watu wawili, mimi na Agnesi, mke wa Mwalimu Yohana. Mimi mtu wa viungo, yeye mtu wa moto. Akinipigia kelele, "Da Mwantumu, chumvi!" nami namrudishia, "Kuni zako hizo, mwanamke wee!"

Shida yetu ilikuwa uzazi. Zahanati hatukuwa nayo. Mwanamke uchungu ukimkatalia alibebwa kwa machela hadi Muheza, na wengine hawakufika. Serikali ikasema: undeni baraza moja la kijiji kizima, dini zote mbili, bwana mkubwa wa wilaya aje alione, mtapewa zahanati na mkunga. Agnesi wakati huo alikuwa na mimba changa. Aliposikia akaniambia, "Huyu nitamzaa kitandani, kama wake wa mabwana."

Basi wanaume wakakaa. Msemaji wa upande wetu alikuwa mume wangu, Hemedi, na wa upande wa juu Mwalimu Yohana. Walikaa kiangazi kizima. Uenyekiti ukaja kwetu kwa kuwa sisi ndio wenyeji, ukatibu ukaenda kwao kwa kuwa wao wamesoma. Hapo sawa. Ikabaki kazi ya kusimamia zahanati, ambayo hata msingi haujachimbwa. Hiyo ndiyo iliyowatoa jasho. Kila upande uliogopa kwamba mwenzake akishika ufunguo atawatibu watu wake kwanza. Hemedi akirudi nyumbani namwuliza, "Mmeshazungumza habari za mkunga?" Ananijibu, "Hayo ni mambo ya siasa, wewe huyajui." Ni kweli sikuyajua. Nilijua tumbo la Agnesi linakua.

Mwishowe zahanati akapewa mtu wa kwetu. Yohana akasema, "Haya. Lakini siku ya kumpokea bwana mkubwa, tutachinja sisi."

Hemedi akaruka. "Kisu hakimo katika baraza, Mwalimu!"

"Mmechukua kiti, mmechukua ufunguo, na kisu pia ni chenu? Sisi tumekuja kutazama?"

Wakakata shauri la kuridhishana: ng'ombe wawili, wachinjaji wawili, mioto miwili. Watu wakapiga makofi, wakasema hiyo ndiyo haki. Sisi wapishi hakuna aliyetuuliza.

Siku ikafika. Nikawasha moto wangu huku, Agnesi wake kule, na kati yetu uwanja mtupu uliofagiwa. Moto wangu haukutaka kushika. Pilau yake ilizidi karafuu, nilisikia harufu nikiwa pale pale nilipo. Akaniita kwa sauti, tumbo mbele, "Da Mwantumu, leo wapika na nani?" Nikainuka kumwendea. Hemedi akanitazama, nikakaa.

Bwana mkubwa akashuka kwenye gari. Hemedi akamkaribisha huku, Yohana akamkaribisha kule, kila mmoja na sinia lake. Yule mzungu akasimama katikati ya uwanja, akatazama moshi huu na moshi ule. Kiswahili alikijua. Akasema, "Niliambiwa baraza moja. Hapa naona mawili. Na zahanati je, mtataka milango miwili?" Hakula kwetu wala kwao. Alikunywa dafu, akaondoka, na zahanati ikapelekwa kijiji kingine. Nilimchukia. Mtu aliyeshiba, anayewaadhibu wajawazito kwa sababu ya masufuria, naye ana lake la kujibu mbele ya Mungu. Ila sababu tulimpa sisi wenyewe.

Agnesi alishikwa na uchungu wakati wa masika. Mtoto alikaa vibaya, wakunga wetu wa kienyeji wakashindwa. Machela ikabebwa, Yohana mbele, Hemedi wangu nyuma, na vijana wengine wakipokezana nao. Mimi nilikwenda pembeni nimemshika mkono. Njia ilikuwa tope tupu. Akanifinya vidole, akasema, "Waambie waende polepole, Da Mwantumu, nimechoka." Tulikuwa bado katikati ya mkonge alipokata roho, na mtoto tumboni. Wakaiweka machela chini. Yohana akakaa kwenye tope, Hemedi akakaa karibu naye, wakalia kama watoto. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira mno.

Siku ya mazishi Yohana alikuja mlangoni kwetu, hakuingia. Akasema, "Hemedi, watu ni wengi. Njoo na kisu chako." Mume wangu akaenda, akachinja. Sufuria likawa moja. Watu wa juu na wa chini wakala sinia moja, na hakuna aliyeuliza mchinjaji ni mjumbe wa upande gani. Nilipika mimi, na kuni nikazisukuma mwenyewe. Kile walichoshindwa kukiunda kiangazi kizima kilipatikana asubuhi moja, Agnesi akisubiri kuzikwa. Nimeishi na Hemedi miaka mingi baada ya hapo, nikamzalia, nikamzika. Hilo sikumsamehe, naye alijua.

Basi nisikilize, mwanangu. Mkikaa kesho msianze na nani atakaa wapi. Anzeni na nani anabebwa kwenye machela, kisha mtafuteni anayeweza kumfikisha, awe wa msikitini au wa kanisani, mumpe kazi. Na mkifika mahali mnagawana hata vile ambavyo watu walikuwa wakivitumia pamoja bila ugomvi, jua mmeshasahau mlichoitiwa. Hapo simama useme, hata wakubwa wakikukazia macho. Mimi nilitazamwa, nikakaa.

Mola akupe uso mkavu wa kuwakatalia wenzako, na masikio ya kuwasikia wanaopika. Akujaalie watu wako wale sinia moja wakiwa hai wote, na katika wapishi asikosekane hata mmoja.