Kupima Pumzi ya Bibi Nyemo kwa Simu

Siku ya kwanza kazini nilifika zahanati na mtoto mgongoni, maana wa kumwachia sikuwa naye. Mganga Mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati yetu kule Hombolo, akanitazama. "Sasa wewe mama, umekuja kazini au kliniki?" Nikamjibu: kazini. Mtoto alikuwa amelala, mimi sikuwa nimelala.

Niwaeleze kazi yenyewe, ninyi mnaoianza leo. Mimi nimeshaiacha, sina bosi wa kumwogopa. Mtaalamu wa fiziotherapia, tuliyemwita Mkuu wa Kitengo, alikaa Dodoma mjini. Mgonjwa yuko kwake kijijini. Katikati ni mimi na simu. Namvalisha mgonjwa kidoleni kile kifaa cha kubana kinachosoma mapigo ya moyo na oksijeni ya damu, kisha anatembea dakika sita kwa mwendo wake, nami namfuata na kamera ya simu. Mkuu, kule mjini, anaangalia papo hapo anavyopumua na anaposimama. Kusimama ruksa, ila lazima ijulikane amesimama kwa nini.

Watu walinicheka. "Mama Neema siku hizi anapiga picha za harusi!" Wapuuzi. Hawajaona mtu aliyepona kifua kikuu akishindwa kumaliza sentensi.

Bibi Nyemo alikuwa amepona kifua kikuu. Alikuwa na shamba la zabibu na mwana mmoja, Yona, mtumishi wa serikali anayeishi Nkuhungu, Dodoma mjini. Yona alishatamka: pumzi ya mama ikionekana haitoshi, anamhamishia kwake mjini, shamba lipewe mtu mwingine. Basi kipimo kile ndicho kingeamua bibi alale wapi.

Tukaanza kutembea kandokando ya shamba. Kwenye mpando, pale njia inapopanda, bibi akasimama kusalimiana na vijana waliokuwa wakipogoa mizabibu. Mbukwenyi, ile salamu ya Kigogo, habari za kwenu, mbuzi, mvua, mama yenu mguu umepona? Hatua chache, akasimama tena, salamu upya. Nikawaka.

"Nyie vijana! Mwacheni mgonjwa atembee, mnatuharibia kipimo!"

"Sisi tumefanya nini, dada? Bibi ndiye katuita."

Dakika zilipoisha Mkuu akasema kwenye simu, taratibu, "Bibi, shikamoo tena."

"Marahaba, daktari."

"Wale vijana walikuamkia, au umewaanza wewe?"

Hapo nikaelewa. Mtu mzima kuwaanza watoto salamu, tena kwenye mpando tu, tena mara zote! Bibi akaketi juu ya tuta akacheka kidogo, kifua kikimkwaruza.

"Kumbe mjini mnaona mpaka huku. Nikisalimia nasimama. Nikisimama napumua. Nani atamsema kikongwe kwa kusalimia watu?" Kisha akanishika mkono. "Usimwambie Yona, mwanangu."

Nilitaka nimpigie Yona hapo hapo nimporomoshee yote. Mama mzima anajificha nyuma ya salamu kwa kumwogopa mtoto aliyemzaa!

"Mama Neema, tulia," Mkuu akasema. "Uongo sitaandika. Pumzi ni fupi. Ila akienda kushinda kwenye kochi itakuwa fupi zaidi. Pumzi ya namna hii inafunzwa: atembee kwenye mizabibu yake, apumzike kabla hajachoka, nasi tutampima kila wiki. Hakuna mahali nitakapoandika ahame."

Bibi akaomba simu. Akampigia mwanawe mwenyewe.

"Yona, nimepimwa. Pumzi haitoshi." Tukasikia Yona akianza mambo ya gari na chumba. "Nyamaza. Sijamaliza, ngoja nivute." Akavuta, tukamsubiri wote. "Haitoshi, na sihami."

Yona akaacha habari za gari. Halafu, "Mama, mbona hukuniambia unachoka hivyo?"

"Ungenihamisha."

"Haya. Jumamosi nakuja, unioneshe unavyotakiwa kutembea."

Akaja kweli, na viatu vya ofisini, akatembea nyuma yake kama ng'ombe aliyekanywa.

Mimi kazi niliiacha alipozaliwa wa pili. Hakuna aliyenitafutia namna ya kubaki, na hilo bado linanichoma. Lakini linalonichoma zaidi ni wagonjwa wangapi wanadanganya pumzi zao ili waachwe wakae kwao. Kifaa cha kidoleni hakisomi hilo. Mkishika ile simu, kabla hamjabonyeza chochote, muulizeni mgonjwa anaogopa jibu gani. Akishalisema, ndipo atembee.