Kipande Changu cha Risaga

Asubuhi ile niliondoka nyumbani bila kujua ninaelekea wapi. Si jambo geni kwangu. Niliacha shule mapema kwa sababu barabara iliyopita nje ya dirisha ilinivuta kuliko ubao, na tangu hapo sijakaa mahali hadi mahindi niliyoyapanda yakakomaa. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimeahidi kulima.

Dada yangu alirudi kwetu Nyamira baada ya ndoa kumshinda. Baba, kabla hajafa, alimwonyesha kishamba chini ya shamba la majani chai, karibu na kijito, akamwambia apande chakula. Kaka yetu alingoja matanga yaishe, kisha akasema msichana hana shamba kwao, na msimu huu akikuta pale bado ni pori atapanda mikaratusi. Mikaratusi ikishashika, hakuna wa kupanda maharagwe hapo tena.

Kwa hiyo dada akaita risaga, wanawake wa kijiji wanaolimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Shamba hugawanywa vipande, kila mmoja na chake. Asiyekuja halimiwi. Kipande chake huachwa na magugu yake, kila mtu akione.

Jioni iliyotangulia walinipimia kipande cha mwisho, kwenye mpaka wa kaka, nami nikasimamisha jembe langu pale, tayari. Kulipokucha niliona ukungu umejaa bondeni, nikajiambia jembe moja likikosekana haliharibu kitu. Nikashika njia ya Keroka. Sikuwa na hasira na mtu. Huko nilikuta lori likipakiwa ndizi, nikataka kujua linakwenda wapi.

Lilikwenda soko la Daraja Mbili, na mimi nikaenda nalo. Huko nilisahau ahadi yangu. Niliuliza majina ya ndizi, nikauliza robota la mitumba likifunguliwa nani huchagua kwanza. Mama mmoja muuza mitumba akaniuliza kama nimetumwa na polisi ama natafuta mume hapo sokoni. Nikamsaidia kukunja nguo hadi alasiri, dada alipopiga simu.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema wamemaliza, udongo ni mzuri, na wamecheka siku nzima. Nikauliza habari za kipande changu.

“Kiko.”

“Si mngelima tu?”

“Kaka yako amekuja na miche, anasema hata sisi wenyewe hatujapatana, ndiyo maana hukuja. Tukikulimia, tumekubali kwamba amesema kweli. Jembe lako liko palepale. Wamama wamepeana zamu ya kukaa hapo mpaka uje.”

Niliwaona akilini. Yule mwenye mguu mbaya, yule mwenye mtoto mgongoni, wote na mashamba yao yanayongoja, wameketi kwenye magugu yangu wakilinda ardhi isiyo yao, kwa ajili ya mtu aliyekwenda kutazama ndizi.

“Nitakuja kesho,” nikasema.

“Tunajua,” akasema dada, na hilo ndilo lililoniuma.

Ningeweza kurudi jioni ileile. Magari yalikuwepo. Mvua ilikuwa imeanza, nami nikaifanya sababu.

Yule mama wa mitumba alikuwa na chumba cha kupangisha nyuma ya nyumba yake, mtaani Nyanchwa. Tulipanda kilima kwa miguu, kila mmoja na furushi lake kichwani, maji yakitutiririka shingoni. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo, na msumari mmoja ukutani wa kutundika nguo. Nikamwambia ni usiku mmoja tu, kesho nina shamba la kulima.

“Wapangaji wangu wote huanza na usiku mmoja,” akasema, akanipa ufunguo.

Alipotoka niliutazama ule msumari. Sikutundika kitu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, koti langu lililolowa bado likiwa mwilini.