Siku Muadhini Alipoyumba

Baba yangu alianguka msikitini, safu ya mbele, katikati ya tarawehe. Alikuwa ameingia anayumba, ulimi mzito, anacheka peke yake.

Na yeye ndiye muadhini.

Kabla hajafikishwa nyumbani, Ujiji nzima ilishapata jibu: "Mzee Hamdani kafuturu gongo."

Kaeni vizuri niwasimulie, maana aibu ile bado inaniwasha.

Ilikuwa ile miaka wakimbizi wanavuka ziwa kutoka Zaire, boti kwa boti, hadi ufukwe wa Kibirizi haukanyagiki. Nyumbani tulikuwa na wageni wawili. Noel, dereva kutoka Moshi, alipanga chumba cha uani na kazi yake ilikuwa kupeleka wakimbizi makambini kwa lori. Wa pili Skolastika, mama mkimbizi ambaye Baba mwenyewe alimkuta ufukweni akamwambia, "Twende, kwangu ni kwako."

Wiki moja kabla ya aibu ile, mbuzi wetu wawili walikufa. Waliyumba kama walevi, wakalala, basi. Asubuhi Mama akamkuta Skolastika anamwaga beseni walilokuwa wakinywea.

"Unafanya nini hapo?"

"Ile mayi iko mubaya, mama."

"Na nani kayaharibu kama si wewe?"

Hakungoja jibu. Majirani wakajaa, neno uchawi likatajwa, na Baba, pamoja na dini yake yote, akakosa ubavu wa kubishana na mtaa. Skolastika akafunga mzigo wake akaondoka bila kumtukana mtu.

Tukaona tumemaliza. Thubutu.

Siku ile ya kuanguka, Mama aliona chupa ya juisi ya kukoroga kwenye shubaka la barazani, karibu na mtungi. Ndani kitu cha kijani, kizito. Akajua ni Noel, maana Mkristo yule alikuwa na ada ya kutuletea vitu vya futari. Na Mama yangu akiwa na saumu haonji kitu, hata chumvi kwa ncha ya ulimi. Akakoroga jagi dogo, la Baba peke yake, sisi tuna uji wetu.

Baba akalimaliza. Akasifu utamu, akaenda kuadhini Isha.

Alipoletwa akiwa vile, niliinama nikamnusa mdomo. Haunuki pombe hata kidogo.

"Mama, tumpeleke hospitali."

"Watu wamwone hivi, mwezi wa Ramadhani? Funga mlango."

Tukamfungia ndani kama mali ya wizi. Kesho yake akapata nafuu, akakaa kitako, akaomba Mungu amsafishie jina. Mama akanitazama, kama kusema unaona.

Kisha mkojo ukakatika. Uso ukavimba, pumzi ikawa ya kutafuta. Ndipo tukakimbia hospitali, na daktari alipouliza mgonjwa alikunywa nini, Mama akataja juisi ya Noel.

Noel alikuwa ndiyo kwanza anarudi safari ya makambini. Alipoelezwa, akakaa chini.

"Mama Mwamini, ile si juisi. Ni dawa ya rejeta, ya kupoza injini. Nilipotengeneza lori niliikinga kwenye beseni la mbuzi, nikajisahau, wakainywa. Yule mama mkimbizi ndiye aliyegundua, akaimwaga. Kabla hajaondoka akaniambia iliyobaki kwenye debe la wazi niiweke juu, mbali na wanyama. Nikaitia kwenye chupa ya juisi, nikaiweka juu."

"Na tulipomfukuza ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Chumbani. Niliogopa kulipishwa mbuzi."

Baba alizikwa Ijumaa ile. Wapo wenzake wa safu ya mbele ambao hawakuja, eti hawamsalii mlevi wa Ramadhani. Skolastika tulimtafuta makambini mpaka wakimbizi wakaanza kurudishwa kwao. Hatukumpata.

Wenye magari, dawa ya rejeta haikai kwenye chupa ya kinywaji. Ni tamu, inamdanganya mbuzi na inamdanganya muadhini. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mtu akikwambia haya maji ni mabaya, chungulia maji kwanza. Kwao ni wapi, utamuuliza baadaye.